Kumalizia seti ya kushonea uliyoidarizi kwa mkono

Jirani yangu hapa Uyole alinijia na mfuko wa vipande alivyokwisha kuvidarizi: vya kimto cha pini, kitabu cha sindano na ala ya mkasi. Maua safi kabisa, ila yalikuwa yamelala kabatini kwa sababu hakujua pa kuanzia kuyaunganisha. Nilivyomwelekeza ni hivi.

1. Fua, piga pasi

Maji baridi, sabuni kidogo. Uzi mwekundu wa bei rahisi ujaribu kwanza: bana kipande chake ndani ya kitambaa cheupe kilicholowa. Ukichuja rangi, usifue. Pasi ipite upande wa nyuma, maua yakiwa yamelalia taulo, la sivyo yatabapa.

2. Kata

Acha sentimita 1.5 kila upande. Bitana iwe bafta.

3. Kitabu cha sindano

Kurasa kata kwenye blanketi kuukuu la sufu, si la nailoni. Zishone katikati, basi.

4. Ala ya mkasi

Mwombe fundi viatu kipande cha ngozi, ukiweke ndani kwenye ncha. Bila hicho mkasi utatoboa maua yako.

5. Kimto cha pini

Hapa ndipo watu wanapokwama, na shida kubwa ni cha kujazia.

Sponji sitaki hata kuiona: sindano haipiti vizuri, na baada ya muda inamung'unyika. Mchele unaita wadudu. Sufi ni laini na inapatikana, lakini kimto kinakuwa chepesi. Ukichomoa pini kinakuja nacho. Wako wanaosifu stiliwaya kwamba inanoa sindano. Labda kwenye joto kavu. Kwa anayeishi Tukuyu, sehemu yenye mvua nyingi kuliko karibu kote nchini, stiliwaya itaota kutu na kuiambukiza sindano.

Mimi natumia unga wa mbao wa msumeno. Kuanzia Mafinga na Sao Hill hadi Mbeya mbao za msindano hazikosekani, na mwenye karakana atakupa unga bure. Lakini usiuchukue kwenye mbao mbichi: utomvu wake unanata kwenye sindano, na unyevu utaleta kutu. Uchekeche, uanike juani mpaka ukiufinya ukavu wake uusikie, na usiuache nje jioni, umande utaurudisha ulikotoka. Mvua zikiwa zimeshika, ukaushe kwenye sufuria kwa moto mdogo sana, ukikoroga bila kuondoka.

Unga usitiwe moja kwa moja ndani ya kazi yako. Shona kifuko cha bafta kwa cherehani, mishono midogo iliyobanana, kikubwa kidogo kuliko kimto ili kijaze pembe. Acha tundu la vidole viwili, tia kwa kijiko, shindilia kwa mpini wa mwiko. Ukidhani kimejaa, bado. Kidole gumba kikibonyeza bila kuacha shimo, funga.

Sasa kufunika. Kabla ya kukunja, zungushia kila mraba, wa juu na wa chini, mshono wa kurudi nyuma (sindano inarudi ilikotoka mshono uliopita), idadi ya mishono ikiwa sawa kwenye miraba yote miwili. Kunja kingo kwa kufuata mstari huo, kisha unganisha kwa kupitisha sindano chini ya mishono ile tu, bila kugusa kitambaa. Ukizunguka pande tatu, ingiza kifuko, malizia wa nne. Mishono ikitofautiana hata miwili, kona itapinda, fumua, usivute. Na vaa kastabani, kimto kigumu hakina huruma na kidole.

6. Kazi zijazo

Kabla ya kuweka vifaa, andika namba za nyuzi ulizotumia (kwa nyuzi za kampuni ya DMC, 310 ni nyeusi popote utakaponunua) na uzungushie mabaki kwenye kadi ngumu.

Mpango wangu unafuata Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua yake hushamiri kati ya Desemba na Aprili. Miezi hiyo ni ya kuchora na kulinganisha rangi, usichume kitu. Baridi ya Juni na Julai ikituweka ndani, ndipo fremu inashikwa. Ya mbao, tafadhali, na duara la ndani lizungushiwe utepe wa bafta ili kitambaa kisiteleze. Anza na jeraniamu, petali tano tu. Okidi iache mpaka mkono umezoea kushona kwa uzi mmoja kati ya zile nyuzi sita nyembamba zinazounda uzi wa kudarizi.