Likizo ndefu ng'ambo masharti yakiwa hayatulii: anza kupanga kurudi

Watu hapa Tanga wakinijia kuuliza habari za safari ya ng'ambo, swali la kwanza huwa nauli. Mimi huwarudisha nyuma kidogo: masharti ya safari yakibadilika ukiwa huko huko, utarudije, na utaishije mpaka siku ya kurudi? Likizo ya wiki moja unaweza kubahatisha. Ya miezi miwili mitatu, kama ile niliyompeleka mama kwa mdogo wangu Leicester, Uingereza, mwishoni mwa 2021 wakati wa korona, masharti yatakubadilikia ukiwa katikati ya safari. Ndiyo maana nasema anza na kurudi.

Chukua tarehe unayotaka kurudi, uongeze mwezi mzima. Tarehe hiyo mpya ndiyo ya kupimia kila kitu: pasipoti, viza, fedha, dawa. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita, kwa hiyo waliochukua zile za kielektroniki zilipoanza kutolewa 2018 wasisubiri mpaka 2028 kuzikagua. Viza ya matembezi ya Uingereza kwa kawaida inakupa hadi miezi sita, usiimalize. Nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zinakuruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180, na ukipanga kukaa 88 umejinyima nafasi ya kupumua. Ndege moja ikifutwa tu, tayari umezidisha muda, na viza yako ijayo ina doa.

Fedha ya kukwama iwe kando na fedha ya matumizi, na wala usiihesabu kama ni ya likizo. Februari 2021 Uingereza ilipoanza kuwaweka karantini hotelini watu waliotoka nchi za orodha nyekundu, yaani zilizohesabiwa za hatari zaidi kwa korona, Tanzania ikiwemo, mtu mzima alilipa pauni 1,750 kwa siku 10. Agosti ikapanda hadi 2,285. Aliyekuwa amepanga safari kwa bei ya kwanza alikuta hesabu yake imeharibika kabla hajapanda ndege.

Sisi tulitolewa kwenye orodha hiyo tarehe 11 Oktoba 2021, na hapo ndipo nilipoanza kutafuta tiketi. Nauli ya chini kabisa niliyoonyeshwa ilipitia Johannesburg. Niliikataa, kwa sababu kila nchi unayopitia inaongeza serikali nyingine inayoweza kukufungia njia. Tarehe 26 Novemba kirusi cha korona cha aina ya Omicron kilirudisha Afrika Kusini na majirani zake kwenye orodha nyekundu. Watu wa Tanga tunalijua jambo hili kwa karibu, maana Mombasa ni pale tu ukivuka Horohoro, na wengi hupenda kupandia ndege Kenya. Lakini Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka kwa abiria, na Agosti mwaka huo huo Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways hadi katikati ya Septemba. Njia fupi kwenye ramani inaweza kuwa ndefu sana kwa masharti.

Tena tiketi iwe moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiunganisha tiketi mbili za mashirika mawili, mara nyingi utalazimika kutoka nje katika nchi ya kati, uchukue mizigo na upite uhamiaji. Hapo utahesabiwa umeingia nchi ile, na viza, kipimo na fomu zake vyote vinakuhusu. Kabla ya kulipa, uliza: kubadilisha tarehe ni bure mara ngapi? Ndege ikifutwa, narudishiwa fedha taslimu au vocha? Jibu ulipate kwa maandishi.

Sasa makaratasi, na hapa nawaomba muwe na macho. Kadi ya chanjo ya korona ya mama iliandikwa Mwanaesha, pasipoti inasema Mwanaisha. Nyumbani hakuna anayejali, sote tunamwita Bi Mwana. Kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, herufi moja inaweza kukuzuia. Tulirudi kituo cha afya, kadi ikaandikwa upya mbele yetu, na sikuondoka mpaka nimesoma jina herufi kwa herufi pamoja na namba ya pasipoti. Na si jina tu. Mwaka ule Uingereza ilikuwa na orodha mbili: aina za chanjo inazozikubali, na nchi ambazo kadi zake inazikubali. Uliweza kuwa na chanjo sahihi, lakini kadi yako isitambulike. Basi ulihesabiwa hukuchanjwa: ulijitenga siku 10 ulikofikia, na vipimo vya siku ya 2 na ya 8 ulivilipia kabla.

Kipimo cha kabla ya safari, kikidaiwa, nakihesabu kwa karatasi. Juu naandika saa ya ndege ya kwanza, kisha nashuka nyuma. Tiketi ikisema Ijumaa 03:35, hiyo ni saa tisa na dakika 35 usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Wengi hukosea hapa, wakapoteza siku nzima. Uliza saa zinahesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa au tangu majibu yalipotoka. Desemba 2021 Uingereza ilitaka kipimo kisichozidi siku mbili kabla ya kuondoka, na basi la kutoka stendi ya Kange hapa Tanga hadi Dar peke yake linakula nusu siku. Tulilala kwa shangazi Dar, tukapimia huko huko.

Masharti yasome kwenye tovuti ya serikali ya unakokwenda, si kwenye ujumbe wa kutumiwa WhatsApp. Chapisha ukurasa ukiwa na tarehe yake. Wa kwanza kukuzuia huwa ni mhudumu wa shirika la ndege kule Dar, naye anaangalia Timatic, mfumo wa kompyuta unaoonyesha masharti ya kuingia kila nchi. Karatasi yenye tarehe inamsaidia akiwa na shaka.

Bima: soma kwanza sehemu ya visivyolipiwa. Tafuta kama karantini imo, na kama kufutwa safari kwa amri ya serikali kumo. Ya Schengen lazima ifike angalau yuro 30,000.

Dawa za presha za mama nilizibeba za muda wote pamoja na ule mwezi wa ziada, kwenye pakiti zake, na barua ya daktari, ndani ya mkoba wa mkononi.

Wiki ya kurudi, anza kusoma upya kana kwamba hujawahi kusafiri. Machi 2022, tarehe 17 Tanzania iliacha kudai kipimo kwa waliokamilisha chanjo, na kesho yake Uingereza ikafuta masharti yake yote. Lakini fomu ya afya ya msafiri ya Tanzania ilikuwa bado inajazwa mtandaoni ndani ya saa 24 kabla ya kufika, hata na raia. Tuliijaza mezani kwa mdogo wangu, mama akinisomea namba ya pasipoti na mimi nikiandika.