Somo: Kuchagua kupe (gari la milango miwili) iliyotumika, ukiwa unaishi kwenye theluji

Kila ikifika Agosti kuna kijana atanipigia simu. "Kaka, nimeona gari la milango miwili, linang'aa, bei ya kutupa. Nilichukue?" Nami humuuliza jambo moja tu: matairi ya theluji umeyatengea ngapi? Hapo simu hunyamaza kidogo.

Mimi ni mtu wa Mombasa, naishi Saint Paul, Minnesota, na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili. Mji huu kwa msimu wa kawaida hupata theluji ya zaidi ya sentimita 120. Kupe yangu ya kwanza niliinunua Julai, kioo wazi, muziki juu. Gari la kusukuma nyuma, yaani injini inazungusha magurudumu ya nyuma tu, na matairi mapana ya kiangazi. Novemba theluji ya kwanza ilipoanguka, haikufika hata kiganja, nikashindwa kuipanda njia ya nyuma ya nyumba yangu. Nakanyaga mafuta, gari linakwenda upande kama kaa. Jirani yangu, bibi wa miaka sabini na ushei, akanipita na Corolla yake kuukuu, akanipungia mkono.

Jina lenyewe, coupé, ni la Kifaransa, lakini mwenye Kiswahili chake keshajua kupe hufanya nini. Tuchague isiyotunyonya.

Hatua ya 1: Toa pesa ya matairi kabla hujatafuta gari

Kama una dola 9,000, jihesabu una 8,000. Hiyo 1,000 ni ya matairi manne ya theluji na rimu zake za chuma. Usiiguse hata muuzaji akilia.

Sababu ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na baridi ikizidi unakuwa kama sahani ya plastiki. Mpira wa tairi la theluji umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi, na meno yake yana mikato midogomidogo inayong'ata. Tafuta ubavuni mwa tairi alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazitoshi, hizo zinaeleza umbo la meno tu. Tairi halikupimwa kwenye theluji.

Pia rimu ndogo ni bora. Gari lililokuja na rimu za inchi 18, wakati wa baridi livishe 17 kama breki zinaruhusu. Tairi jembamba lenye ubavu mnene hupasua theluji na kufika chini. Na shimo la lami la mwezi wa Machi halitakuvunjia rimu.

Matairi yaliyotumika yasome tarehe. Tarakimu nne za mwisho kwenye namba inayoanza na DOT, ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3119 maana yake wiki ya 31 ya 2019.

Hatua ya 2: Amua nguvu iende magurudumu gani

Watu wengi wa kwetu wanaamini fowili, yaani nguvu kwenda magurudumu yote manne, ndiyo dawa ya kila kitu. Fowili inakusaidia kuondoka. Kwenye kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu manne, na Honda ya kuvuta mbele yenye matairi ya theluji itasimama mbele ya taa nyekundu wakati fowili yenye matairi ya misimu yote bado inateleza kuelekea katikati ya njia panda.

Kwa hiyo, kwa mtu wa mjini ambako barabara zinakwanguliwa, gari la kuvuta mbele linatosha kabisa. Fowili nunua kama unakaa mlimani, au unaingia kazini saa kumi alfajiri kabla ya magari ya kukwangua kupita. La kusukuma nyuma linawezekana, ila uwe na subira na mguu mwepesi.

Hatua ya 3: Majina, na mitego yake

Mtego wa kwanza unawanasa Wakenya kuliko wote. Sisi tumekua tukiiona Subaru ikitimua vumbi la Safari Rally, tunajua Subaru ni fowili. Basi mtu anaiona Subaru BRZ, anafunga macho, ananunua. BRZ inasukuma nyuma! Kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa Subaru pekee Marekani isiyo na fowili. Ni pacha wa Scion FR-S, iliyouzwa kwa jina hilo 2013 hadi 2016 kisha ikaitwa Toyota 86. Gari tamu sana, jepesi, na difu yake (gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia) haiachii gurudumu moja lizunguke bure huku jingine limelala. Lakini tumbo liko kama sentimita 12 tu kutoka ardhini. Theluji ikizidi hapo, gari linakalia tumbo, magurudumu yanaelea, umepwelewa kama ngalawa.

Mtego wa pili ni Infiniti. Kupe ya G35 haikuwahi kuja na fowili; zile G35x unazosikia ni za milango minne. Kupe ya fowili ilianza na G37x ya mwaka 2009, na zote ni otomatiki. Ukiona tangazo la "G35x kupe", muuzaji hajui anachouza, au anajua sana.

BMW ya Series 3 ya milango miwili, kuanzia 2007: tafuta herufi xi kwa zile za mwanzo, na neno xDrive kwa zilizofuata. Inakwenda vizuri mno kwenye theluji. Ila ikizeeka huvuja oili kwenye gasketi ya kava ya valvu na ile ya nyumba ya filta, na pampu ya maji ni ya umeme, ikifa inakufa bila kuaga. Weka akiba.

Audi TT yenye neno quattro ina mfumo wa Haldex wa kupeleka nguvu nyuma. Una oili yake ya kubadilishwa, na wengi hawaibadilishi. Hakuna risiti ya kazi hiyo, punguza bei. Dodge Challenger GT ya 2017 na 2018 nayo ina fowili (za 2019 kuendelea hakikisha imeandikwa AWD, maana nyingine zinasukuma nyuma), na ni pana kama kitanda, kwa wanaopenda ukubwa.

Mapendekezo yangu kwa mwenye pesa ya kubana ni Honda Civic Si ya milango miwili, 2006 kuja juu hadi 2020 walipoacha kuitengeneza kupe. Ya 2016 haipo, lakini zipo nyingi. Inavuta mbele, gia ni za mkono, na ina difu ya aina ile ile isiyotupa nguvu kwenye gurudumu linaloteleza. Shida yake ni kwamba vijana wengi wamezitesa. Iliyobadilishwa egzosi na kushushwa springi, achana nayo hata iwe na rangi ya peponi.

Hatua ya 4: Lala chini

Hapa ndipo nataka usome polepole. Sisi wa pwani tunajua chumvi inavyokula bati. Huku chumvi wanaimwaga barabarani kwa malori, miezi mitano, na gari linaioga kutoka chini. Juu litang'aa. Chini ndiko kuna habari.

Chukua tochi, kipande cha boksi cha kulalia, bisibisi, na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa usikwaruze rangi.

Anza na ukingo wa chini ya mlango, mahali jeki inapokaa. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linajibu kwa sauti kali; lililooza linajibu kama boksi. Pitisha sumaku taratibu kuzunguka matao ya magurudumu ya nyuma. Mwaka juzi nilikwenda kumkagulia shemeji yangu kupe moja ya buluu, maridadi kabisa. Sumaku ikashika, ikashika, ikafika nyuma ya mlango wa kushoto ikadondoka kwenye lami. Nikairudisha, ikadondoka tena. Pale chini ya rangi palikuwa na puti tupu (ule udongo wa kuzibia bodi), unene wa andazi. Muuzaji akasema, "Hiyo ni kawaida ya gari hili." Tukamshukuru, tukaondoka.

Hata hivyo usikimbilie kumtukana mtu: kwenye Audi TT ya kizazi cha pili sehemu kubwa ya mbele ya bodi ni aluminiamu, sumaku haitashika hata ikiwa mpya.

Kisha ingia chini. Fuata mirija ya breki kuelekea nyuma. Kutu ya juujuu ya rangi ya chungwa si kitu. Magamba yanayobanduka kwa ukucha, hiyo ni hatari, maana mrija huo utapasuka siku unayokanyaga kwa nguvu. Angalia fremu ya nyuma inayobeba mikono ya magurudumu, na vikombe vinavyokalia springi.

Ukikuta chini kote kumepuliziwa lami nyeusi mbichi, inanukia, jiulize kwa nini mtu ampake wanja mgonjwa wiki ya kuuza. Lami ya zamani yenye vumbi sina neno nayo.

Ndiyo maana watu hutafuta magari ya Arizona na Texas. Ni wazo zuri, ila la Texas au Florida likague mafuriko. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilizamisha magari mengi sana Houston, na 2022 kikaja Ian kule Florida. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho uone kama una mstari wa tope. Inua zulia la buti.

Hatua ya 5: Liwashe likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ni ya moto, kuna kelele anazificha. Sikiliza sekunde kumi za kwanza, tazama moshi. Washa hita hadi mwisho, na ile ya kioo cha nyuma pia, huku hivyo si anasa.

Kama kuna theluji, nenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho, ukanyage breki ghafla kwa mwendo mdogo. Pedali itatetema mguuni. Ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi, usiogope.

Hatua ya 6: Karatasi

Piga namba ya VIN, zile tarakimu na herufi 17, kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya Marekani ya usalama barabarani. Ni bure, na itakuonyesha kama kiwanda kiliwahi kuliita gari lirudi na kazi haijafanywa. Hati iliyoandikwa "salvage" (gari lililoharibika vibaya) au "rebuilt" (lililofufuliwa baada ya hapo) waachie mafundi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mgeni wa Fargo: Kaka shukrani kwa somo. Nimeona BRZ ya 2013, kilomita chache. Nimekwisha toa neno. Nifanyeje?

Jibu: Pole na hongera, vyote viwili. BRZ na FR-S za 2013 ziliitwa zirudi kwa sababu ya springi za valvu zinazoweza kuvunjika. Kazi yenyewe injini inashushwa na kufunguliwa, kwa hiyo usitosheke na "ilifanywa", omba karatasi. Kisha, kwa kuwa Fargo baridi yake haina mzaha, funga hita ya injini ya kuchomeka ukutani.

Dada Columbus: Na mimi ninayo Mustang. Mume wangu anataka tuweke mifuko ya mchanga kwenye buti. Inasaidia kweli, au ni hadithi?

Jibu: Inasaidia kidogo kuondoka, dada, kwa sababu uzito unakaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Ila uzito huo huo unataka kusimamishwa pia. Mifuko miwili inatosha, ikae karibu na ekseli na ifungwe isirukeruke. Ukinasa, toboa mmoja umwage mchanga mbele ya tairi. Kwangu hiyo ndiyo faida yake kubwa. Matairi lakini mmenunua?

Dada Columbus: Mawili, ya nyuma. Pesa ilikata.

Jibu: Basi nyuma mmeshika, mbele hamjashika. Utakata kona na gari litakwenda moja kwa moja. Kamilisheni manne kabla ya Krismasi, hata kama ni yaliyotumika, mradi meno yabaki 6/32 ya inchi au zaidi.

Mzee wa Rochester: Kijana wangu, BMW yangu ni xDrive. Tairi moja limepasuka. Ninunue moja tu?

Jibu: Shikamoo mzee. Pima meno ya yale matatu kwanza. Kama yameisha sana, tairi jipya litakuwa na mzingo mkubwa kuliko wenzake, na giaboksi ya kugawa nguvu itadhani gari linateleza muda wote, itajichosha hadi ife. Hiyo ni ghali kuliko matairi manne. Kuna maduka yanayochonga tairi jipya lilingane na mengine, waulize.

Mtoto wa Likoni: Nikimaliza nalo huko naweza kulileta nyumbani Mombasa?

Jibu: La Marekani usukani uko kushoto, na Kenya inataka usukani wa kulia na umri usiozidi miaka minane. Liuze huku huku.

Mama Wawili: Nina mtoto wa miaka miwili na wa miezi sita. Kupe inanifaa?

Jibu: Dada yangu, nenda kwa muuzaji na kile kiti cha mtoto, jaribu kukipitisha nyuma ya kiti cha mbele mara moja tu, ukiwa umevaa koti lako la baridi na glavu. Kisha uniandikie.

Mama Wawili: Nimejaribu leo. Tumechukua Honda CR-V, ya milango minne.