Kisutu bila wekundu: picha ibaki na rangi au iwe nyeusi na nyeupe?

Chukua picha ya bibi harusi aliyejifunga kisutu, kanga ya harusi ya pwani. Ikiwa na rangi, mtu wa pwani haulizi: nyekundu, nyeusi na nyeupe ile ni harusi. Iondoe rangi, wekundu ushuke hadi kijivu kizito, na asiyekuwepo siku ile anaweza kudhani ni msiba. Basi kabla ya kufungua programu yoyote, amua kwanza kama rangi inabeba habari au inapiga kelele tu. Ndoo ya plastiki ya bluu nyuma ya uso wa mzee ni kelele. Kisutu si kelele.

Hatua ya 1. Weka kamera kwenye RAW (faili ghafi, kamera haijalichakata) pamoja na JPEG (picha ya kawaida iliyokwisha kuchakatwa), mtindo wa picha uwe monokromu, yaani nyeusi na nyeupe. Kiooni utaona mwanga na kivuli tu, huku RAW ikitunza rangi zote. Ukipiga JPEG peke yake kwa monokromu, rangi zimekwenda, hazirudi.

Hatua ya 2. Tafuta rangi zitakazogongana. Fomula ya kawaida ya kugeuza picha huchukua takriban 30% ya nyekundu, 59% ya kijani na 11% ya bluu. Kwa kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (mwanga wote), nyekundu safi ya 255 inatoka kijivu cha 76. Kijani cha 130 nacho kinatoka 76! Kwa hiyo kanga nyekundu mbele ya majani ya mwembe inamezwa, ukingo hauonekani. Wengi hapa hukimbilia kontrasti, yaani kuongeza tofauti ya mwanga na giza. Haisaidii, kwa sababu vijivu viwili vilivyo sawa hupanda na kushuka pamoja.

Hatua ya 3. Dawa ni slaida za rangi, vile vitelezi vya kung'arisha au kutia giza rangi moja moja, kwenye sehemu ya nyeusi na nyeupe ya programu ya kuhariri picha (Lightroom inazo nane). Nyekundu ipandishe +30, kijani ishushe -20, kanga itatoka kwenye majani. Ngozi zetu zimekaa zaidi kwenye machungwa: +10 hadi +15 inatosha, ukizidisha uso unakuwa kama umepakwa unga. Bluu -30 inatia anga uzito. Ukivuka -60 tegemea chenga angani na mstari mweupe pembeni mwa minazi.

Hatua ya 4. Kontrasti iwe ya mwisho. Kuza picha 100% uangalie kanzu na kofia: nyuzi na tarizi zisipoonekana, zimeungua, yaani mwanga umezidi zikabaki weupe mtupu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, simu yangu haina RAW. Nifanyeje?*
Piga kwa rangi, geuza baadaye. Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, ina vichujio vya rangi ndani ya nyeusi na nyeupe. Kwa nyuso anza na cha machungwa. Usipige moja kwa moja na filta ya nyeusi na nyeupe ya simu.

*Kwa nini nyuso zinatoka nyeusi tii wakati ukuta umekaa vizuri?*
Ama umetumia kichujio cha bluu au kijani, ama kamera imepima mwanga wa ukuta mweupe. La kwanza linatibika kwa slaida ya machungwa. La pili, pima mwanga usoni unapopiga.

*Naweza kuacha kisutu chekundu, vingine vyote viwe kijivu?*
Programu inakubali, mimi sishauri. Jicho litaganda kwenye kitambaa, bibi harusi mwenyewe asitazamwe.

*Ukumbini kuna taa nyekundu na zambarau, nageuza nyeusi na nyeupe lakini uso unabaki bapa kama karatasi.*
Nyekundu imeungua tangu kamerani, hakuna slaida ya kuirudisha. Siku nyingine washa histogramu (grafu ya mwanga kwenye kamera) ya rangi tatu, usitegemee ile nyeupe ya jumla, na punguza mwanga stopu moja moja (kila stopu ni nusu ya mwanga) hadi nyekundu isigonge ukingo wa kulia wa grafu.

*Na kisutu, kuna namba za kukifanya kieleweke bila rangi?*
Hakuna. Nyekundu +60 itakupa kijivu cheupe chenye maua meusi, kanga kama kanga nyingine. Picha hiyo iache na rangi yake.