Somo: Kuhifadhi makaratasi, picha na kaseti za zamani kidijitali kwa vifaa vinavyopatikana Lamu

Historia kubwa ya Lamu haimo maofisini. Imo makashani: barua za khati za Kiarabu, daftari za boriti na majahazi, vyeti vya askari wa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Uhabeshi 1941 na Burma 1944, kaseti za mahojiano na wazee, daftari za kuhesabu kasa. Somo hili ni la mtu mwenye kasha kama hilo, simu nzuri au skana ya mezani, na kompyuta moja. Kabla ya kuanza, tazama miswada ya Msikiti wa Riyadha iliyowekwa mtandaoni kupitia mradi wa Endangered Archives Programme wa British Library, nambari EAP466, ujionee kazi iliyokamilika ikoje.

Hatua ya 1: Amua kipi kitangulie

Wengi huanza na kilicho kikongwe. Si sawa. Anza na kinachokufa haraka. Wino wa masizi juu ya karatasi nzito ya zamani, ukikaa pakavu, hudumu zaidi ya miaka mia. Kaseti ya miaka ya 1980 haitakungoja hivyo, wala karatasi ya faksi. Mpangilio wetu: karatasi za faksi na risiti, kaseti, negativu zinazonuka siki, nakala za kaboni, picha za rangi, halafu barua na vitabu.

Hatua ya 2: Maelezo kabla ya skana

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayorukwa. Skana unaweza kurudia mwakani. Bibi anayewajua watu wa kwenye picha huwezi kumrudia. Kaa naye kwanza, simu ikirekodi kwa idhini yake, mpitie kitu kimoja kimoja. Taja nambari ya kitu kwa sauti kabla hajaanza kukieleza, la sivyo ukisikiliza baadaye hutajua "huyu wa kushoto" ni wa picha gani.

Fungua jedwali lenye safu hizi: nambari; ni kitu gani; nani kaandika au kupiga; kwa nani; tarehe kama ilivyo kwenye karatasi; tarehe ya Miladi; mahali; kasha la nani; nani katoa maelezo na siku gani; ruhusa. Tarehe zina safu mbili kwa sababu mwaka wa Hijria huangukia miaka miwili ya Miladi. 1358, kwa mfano, ulianza Februari 1939 ukaisha Februari 1940. Ukiandika "1939" peke yake umeshakata shauri ambalo karatasi haikulikata.

Maelezo ya "Askari, zamani" hayamsaidii mtu. Uliza: nani kaketi, nani kasimama, nyumba ya nani nyuma, mtaa wa Mkomani au wa Langoni, picha ililetwa na nani. Kisha igeuze: nyuma mara nyingi kuna muhuri wa studio au mstari wa penseli, na upande huo nao upigwe picha.

Nambari iandikwe kwa penseli laini kwenye bahasha. Kalamu ya wino hupenya na kutokea upande wa pili.

Hatua ya 3: Usafi

Brashi laini kavu, kutoka katikati kwenda nje. Usitumie kitambaa chenye maji, usibandike selotepu, usipeleke kulaminishwa. Pini na stepla zilizoota kutu zifunguliwe taratibu kwa upande wa nyuma, zisivutwe. Ukungu huota unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 65, na Lamu wakati wa kusi tunaishi humo. Karatasi zenye ukungu zitenge, vaa barakoa, zikauke kwanza kivulini penye upepo. Ukungu mbichi ukiupiga brashi unausambaza kasha zima.

Kwa wadudu, funga kitu ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa hewa, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka joto lilingane na la chumba, siku nzima, maana umande utaganda juu ya karatasi. Picha na kaseti zisiingie friza.

Hatua ya 4: Kupiga picha

Skana ya mezani: barua dpi 300 (nukta kwa kila inchi) kwa rangi, picha ndogo dpi 600, negativu ya milimita 35 dpi 2400 au zaidi. Hata kama karatasi ni nyeusi na nyeupe, skani kwa rangi, kwa kuwa rangi hutofautisha wino, doa na muhuri. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 hutoka kama MB 26, kwa dpi 600 MB 104, kwa hiyo kurasa 500 za barua ni kama GB 13. JPEG itengenezwe baadaye kwa ajili ya kutumiana.

Simu ya megapikseli 12 hutoa takriban dpi 340 ukurasa wa A4 ukijaza fremu. Inatosha. Kwa A3 haitoshi: piga vipande viwili vinavyopishana kwa sentimita 3. Zima flashi, zima urembo na vichujio, usikuze kwa vidole. Simu ikae kwenye stendi, na upige kwa kihesabu cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Kupata ulingano wa simu na meza, weka kioo kidogo bapa mahali pa karatasi. Kamera ikijiona katikati ya kioo, iko sawa. Ikijiona pembeni, maandishi yatakuwa mapana upande mmoja. Taa mbili za aina moja, kila moja pembe ya digrii 45. Huna taa? Tumia kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba ya Kiamu, kivulini, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Mwanga ule ni laini kuliko wa taa nyingi za dukani. Jua lenyewe lisiguse karatasi.

Weka rula kwenye kila picha ili mtu ajue ukubwa. Kitabu kisilazimishwe kulala. Kiegemeze juu ya mito miwili, kifunguke kama digrii 100, piga kurasa zote za upande mmoja, kisha upande wa pili.

Miswada iliyoachana kurasa ina msaada wake ndani. Tazama chini ya ukurasa, pembe ya kushoto: mara nyingi mwandishi kaandika neno moja peke yake, limeinama. Neno hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Panga kwa hilo kabla ya kutoa nambari.

Hatua ya 5: Majina ya faili

Mfano: lamu_kasha03_0012_a.tif, ambapo "a" ni mbele na "b" ni nyuma. Usiweke nafasi wala herufi za Kiarabu kwenye jina. Tumia tarakimu nne, la sivyo ukurasa wa 10 utakaa kabla ya wa 2. Jina la mtu lisiingie humo, limo kwenye jedwali tayari.

Hatua ya 6: Kaseti

Vunja vijino viwili vya juu ili isifutike kwa bahati mbaya. Ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha, mkanda ulegee. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Toa sauti kwa waya kutoka tundu la "line out", iingie kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB. Tundu la maikrofoni la kompyuta huipasua. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kurekodi sauti: 48 kHz, biti 24, WAV, kilele kisipite dB −6. Saa moja ya mono ni kama GB 0.5. Usisafishe makelele kwenye faili mama. Tengeneza nakala, uchezee hiyo.

Hatua ya 7: Nakala

Nakala tatu, aina mbili za vifaa, moja nje ya kisiwa. Kwa ndugu Mombasa inafaa. Kwa jirani wa ukuta mmoja haifai, moto na mchwa havibishi hodi. Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. Diski ikae kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika, maana chumvi ya bahari hula viunganishi.

Toa alama ya uthibitisho ya kila faili, kwenye Windows: certutil -hashfile lamu_kasha03_0012_a.tif SHA256. Zitatoka herufi na tarakimu 64. Zinakili kwenye jedwali. Kila baada ya miezi sita rudia. Ikibadilika hata tarakimu moja, faili imeharibika, chukua ile ya diski nyingine. Wakati wa kunakili tumia laptopu yenye chaji, stima ikikatika kazi isikatike nayo.

Hatua ya 8: Kuweka mtandaoni

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, hupokea bure. Lakini mwenye karatasi si lazima awe mwenye haki. Kwa sheria ya Kenya barua inalindwa mpaka miaka 50 baada ya kufa mwandishi. Hati za mashamba, barua za ugonjwa na makaratasi yanayotaja watu walio hai zihifadhiwe, zisitangazwe. Kwa mashamba hasa: Lamu ardhi ina kesi nyingi, na hati moja iliyotupwa mtandaoni inaweza kuwagonganisha watu wa nyumba moja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama, Faza:* Assalam alaykum. Barua za babu zimeshikana kama mkate, zilinyeshewa. Nizitenganishe kwa mvuke?

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mvuke hapana, wino ukiwa si wa masizi utakimbia wote. Ziache kavu kivulini, feni iwe chumbani lakini isizielekee. Zikishakauka, jaribu pembeni kwa ukanda mwembamba wa plastiki, inayokataa iache. Piga picha bunda zima pande zote sita, kisha uwaone wahifadhi wa makumbusho kabla ya kugusa tena.

*Mwanachama, Shela:* Kaseti ya maulidi inasikika kama mtu anaongea chini ya blanketi. Imekufa?

Pengine haijafa. Kichwa cha redio yako hakikukaa pembe moja na cha redio iliyorekodia. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo: izungushe kidogo kidogo huku ukisikiliza, mpaka herufi "s" na "sh" zing'ae. Isipobadilika, tazama ndani ya kaseti kama pedi ya sponji imeanguka. Ikiwa imeanguka, hamishia mkanda kwenye ganda lingine la kaseti lenye skrubu.

*Mwanachama, Malindi:* Bibi yangu anasema mabomu ya Mtaliano yaliangushwa Malindi 1941. Mimi najua ni Oktoba 1940. Niandike upi?

Yote mawili, mwanangu, lakini si safu moja. Safu ya maelezo inabeba maneno yake kama alivyosema, 1941. Safu nyingine inabeba Oktoba 1940, na jina lako kuwa wewe ndiye uliyeongeza. Usimsahihishe akiwa anarekodiwa, maana atanyamaza, na huenda ana jambo jingine la 1941 analolichanganya hapo ambalo hatujalisikia.

*Mwanachama, Malindi:* Marehemu baba alifanya kazi San Marco, kituo cha kurushia setilaiti, Ngomeni. Kaacha karatasi ndefu za mashine, zina matundu pembeni, nyingine zimefifia.

Kwanza jaribu kona tupu kwa ukucha. Ikiacha mstari mweusi ni karatasi ya joto: skani leo, na isikae juani wala kwenye plastiki. Zenye matundu usizichane kwenye mikunjo, skani kwa vipande vinavyopishana na uzipe nambari moja yenye sehemu. Tarehe iliyochapwa inakili yote pamoja na saa. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani, ilirushwa pale 12 Desemba 1970, basi karatasi za siku hizo zina uzito. Lakini usiandike "ya Uhuru" kwa kubahatisha. Na kwa kuwa huenda ni mali ya kituo, uliza kabla ya kutangaza.

*Mwanachama, Langoni:* Kuna programu ya kusoma khati za Kiarabu za Kiswahili?

Kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini kilichopigwa chapa, Tesseract ina lugha yetu na inasaidia. Kwa khati ya mkono, mpe ustadh. Mwandishi mmoja hutumia herufi moja kwa "p" na "b", mwenziwe hutia nukta tatu, mashine inapotea. Ukinakili, weka mistari kama ilivyo kwenye karatasi.

*Mwanachama, Mkomani:* Dada, picha za arusi za wanawake za miaka ya 1970 nazo ziskaniwe? Watu wazima wameanza kununa.

Wana haki ya kununa, mpenzi. Skani, lakini ziwe folda yake yenye nywila, na kwenye safu ya ruhusa andika nani aruhusiwe kuona. Aliye hai aulizwe mwenyewe. Aliyefariki, waulizwe wanawe. Kazi hiyo afanye mwanamke, na zisipitie kwenye simu ya duka la kuchapishia.

*Mwanachama, Faza:* Nimemtumia mjomba picha 40 kwa WhatsApp, amesema hazisomeki.

WhatsApp huzibana. Tuma kwa "Document", si kwa picha, zitafika kama zilivyo. Usihesabu alichopokea kuwa nakala ya pili mpaka alama ya SHA-256 ilingane na ya kwako.