Kadi ya kuongoza magari NSW (New South Wales, Australia): hatua kwa hatua, pamoja na maswali yenu

Ndugu zangu wa Sydney, Wollongong na Newcastle, hii ni kadi ya kusimamisha na kuruhusu magari penye kazi za barabarani, si leseni ya udereva. Msifuate maelezo ya walioipata zamani kupitia idara ya barabara. Tangu 2020 mafunzo ya kadi hii yako chini ya SafeWork NSW, mamlaka ya usalama kazini, na siku hizi darasa peke yake halikupi kadi.

Hatua ya 1: White Card, ile kadi ya mafunzo ya usalama kwenye ujenzi. Kama unayo lakini hujafanya kazi ya ujenzi miaka 2 mfululizo, imekufa. Rudia.

Hatua ya 2: Fungua namba ya mwanafunzi, USI. Ni bure.

Hatua ya 3: Tafuta mwajiri KABLA ya kulipia kozi. Pesa za watu zinazama hapa. Ukimaliza darasa unapewa hati ya muda ya siku 90. Ndani ya siku hizo unashika kibao cha STOP na SLOW chini ya msimamizi, kisha unapimwa barabarani, magari yakipita kweli. Mimi nililipa kwanza. Siku ya 90 ilinikuta bado natuma CV.

Hatua ya 4: Kozi yenyewe, kwenye chuo kilichoidhinishwa. Kinachowashinda wengi wetu ni Kiingereza cha redio: sauti inakwaruza, lori linanguruma, na mwenzako anaongea haraka.

Hatua ya 5: Ukifaulu, omba kadi kupitia Service NSW, ofisi ya huduma za serikali. Inadumu miaka 3.

MASWALI

"Nilikuwa polisi wa barabarani Bujumbura. Bado nianzie mwanzo?"
Ndiyo, kaka, hatua ya 1 kama sisi wote. Tena kuna mazoea ya kuacha: huku huna mamlaka ya kumfukuza dereva. Akipita kwa nguvu, ondoka kwa njia ya kukimbilia uliyoiandaa mapema, halafu toa taarifa kwa redio.

"Bosi anataka nipange koni na vibao mwenyewe. Ni sawa?"
Hapana, dada. Hiyo ni kazi ya mwenye kadi ya Implement Traffic Control Plan. Kuchora mpango ni kadi nyingine tena. Muulize mwenye kadi hiyo yuko wapi leo.

"Leseni ya gari je?"
Kadi unaweza kuipata bila leseni. Ila saiti nyingi huanza usiku, mbali na treni, na waajiri wanalijua hilo.