Anza kusoma lebo mkiani

Mimi ni msusi, mwaka wa kumi na moja huu naosha vichwa vya watu Magomeni. Mwaka juzi vidole vilianza kuniwasha, vikapasuka kwenye maungio, hata kukamua ndimu ukawa mtihani. Nikalaumu dawa ya nywele, nikalaumu sabuni ya kufulia. Daktari wa ngozi akanibandika plasta za kupima mzio mgongoni, zikakaa siku mbili. Zilipobanduliwa, palipoumuka vipele ni penye methylisothiazolinone, dawa ya kuzuia kuoza. Nilikuwa nayo kwenye shampuu ya dumu la lita tano, na kwenye waipsi ninazofutia uso jioni.

Sasa sinunui kitu sijakigeuza. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, na vihifadhi, yaani dawa za kuzuia kuoza, huwa kiasi kidogo, kwa hiyo anzia mwisho wa orodha. Ukiona jina linaloishia na isothiazolinone kwenye losheni au waipsi, rudisha. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku hiyo yangu kwenye vipodozi vya kupaka na kuacha mwaka 2017. Vya kusuuza wakairuhusu sehemu 15 tu katika milioni. Mimi hata ya kusuuza siigusi, maana mzio huu ukishahamia mwilini hauhami tena.

Vipo na vihifadhi vingine: DMDM hydantoin, quaternium-15 na imidazolidinyl urea hutoa formalini kidogo kidogo. Ndiyo, ile ya mochwari.

Wateja huniuliza zaidi parabeni, vihifadhi ambavyo majina yake huishia na paraben. Zinaiga homoni ya estrojeni, ila kwa unyonge sana, na kwamba zinaleta saratani haijathibitishwa. Kwa mzio ni pole kuliko hizo nilizotaja. Kwa mtoto wa nepi tu ndiyo nakwepa propylparaben na butylparaben.

Wala usikimbilie kujitengenezea. Dada yangu alisaga mshubiri na maji akafunga koponi. Siku ya sita ukungu ulikuwa umeota kama manyoya. Penye maji panataka kihifadhi. Mafuta ya nazi matupu hayana shida hiyo.

Krimu mpya ipake ndani ya kiwiko, eneo la ukubwa wa sarafu, asubuhi na jioni kwa siku saba. Ikiwasha, acha. Shampuu usiijaribu hivyo, itakuchubua bure.

Na yule anayekupimia shampuu kwenye chupa ya maji ya kunywa, mwambie kwanza alete dumu ulione.