Isome shotgani ya mzee kabla hujaipiga msasa

Mimi ni seremala, karakana yangu iko Nyakato, Mwanza. Baba alituachia shotgani ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu. Kama na wewe umeachiwa ya namna hiyo, anzia polisi: bunduki ya urithi haikai chumbani ikisubiri, ipelekwe kituoni mpaka leseni itoke kwa jina lako. Ukishakabidhiwa, ifungue kwa kuikunja katikati na ukague chemba zote mbili (matundu ya nyuma ya mitutu, risasi zinapokaa) kwa macho na kwa kidole. Zikiwa tupu, chomoa ubao wa mbele, ule ulio chini ya mitutu, na utenganishe mitutu na kitako.

Jina lililochongwa juu liache kwanza. Ya baba ina neno London kwa herufi za kupendeza, na kwetu Kayenze wote tulikua tukiiita "ya Mwingereza". Jina la juu linaweza kuwa la mwenye duka, au limewekwa kuvutia mnunuzi tu. Pindua mitutu, tazama tumboni karibu na chemba, kwa lenzi na mwanga wa dirisha unaotoka pembeni. Hapo ndipo wapimaji waligonga mihuri baada ya kuijaribu kwa risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Taji juu ya BP na BV ni Birmingham, kuanzia 1904. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni Liège, Ubelgiji; yai likiwa na taji, ni kuanzia 1893. Mwaka 1922 Liège walianza kugonga pia herufi ndogo ya mwaka: a ni 1922, b ni 1923, hivyo hivyo kwenda mbele. Yetu ina yai lenye taji na kiherufi d. Mbelgiji wa 1925!

Mihuri hiyo niliisoma kwenye mtutu wa kulia. Wa kushoto umebaki na vivuli tu, kwa sababu fundi mmoja aliupiga msasa zamani ili ung'ae. Linaniuma mpaka leo. Tafadhali, ukiona kutu (na kwetu ziwani kutu haikosi), paka mafuta, futa kwa kitambaa, piga picha. Msasa weka mbali.

Sasa tafuta mikono ya mafundi. Namba ya mitutu, ya mwili wa chuma na ya ubao wa mbele zifanane. Ikitofautiana moja, kipande hicho kimetoka kwenye bunduki nyingine. Vichwa vya skrubu vilivyochunika vinaonyesha imefunguliwa kwa bisibisi isiyo saizi. Kama midomo ya mitutu haigusani, huenda ilikatwa. Kisha ning'iniza mitutu kwa kamba, uigonge kidogo kwa fundo la kidole. Mizima hulia kama kengele. Ikitoa sauti ya debe lililopasuka, utepe wa chuma ulioiunganisha umeachia. Mara nyingi ni kwa sababu mtu aliipaka weusi mpya kwa kuichemsha kwenye dawa kali, nayo dawa hiyo hula risasi ya kulehemu iliyoshika utepe. Yetu ililia vizuri, nikashusha pumzi.

Chemba za zamani nyingi zina urefu wa milimita 65, wakati risasi nyingi za sasa ni za 70. Usiipige kabla fundi wa bunduki mwenye kibali hajaipima.

Kwenye mbao ndipo nilipokuwa nyumbani. Walinati ndiyo mti wa kitako cha Ulaya. Nilipofungua bamba la nyuma ya kitako, pale ambapo vanishi haikufika, nikaona mninga: wekundu wa kahawia, nyuzi zilizopindana, nilikwangua kidogo na harufu yake ikatoka. Ndani kulikuwa na vipimo vya penseli, kwa inchi.

Nikamuuliza mama. Akasema kitako cha kwanza kilivunjika mtumbwini, wakitoka Ukerewe, na baba akampa seremala wa jirani kipande cha ubao kilichobaki ulipotengenezwa mlango wa mbele wa nyumba yetu. Nilikwenda Kayenze na bamba la nyuma likiwa limefunguliwa, nikakisogeza kitako kwenye ule mlango. Mbao ni moja.